Hema na mwezi: siku nane za kulala pwani ya kusini, Kilwa hadi Mikindani

Kabla ya kutazama ramani, tazama kalenda, na iwe ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Wengi wanaotaka kwenda kupiga kambi kusini huanza kwa kuulizia nauli, umbali na jina la ufukwe. Hayo yana majibu mepesi. Swali litakaloamua kama utalala usingizi au utahamisha godoro gizani ni moja tu: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?

Mwongozo huu ni wa safari ya siku nane kutoka Dar es Salaam, kwa basi, kwa watu wawili hadi wanne. Vituo ni vitatu tu: Kilwa Masoko, Lindi na Mikindani. Unaweza kuvipita vyote kwa siku tatu, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi nakusihi usifanye. Pwani hii inataka mtu aliyekaa mahali pamoja mpaka watoto wa kijiji wakaacha kumshangaa.

Hatua ya kwanza: panga siku kwa mwezi

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Karibu na tarehe 8 na 22 huwa ni maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kwenye pwani ya Tanzania, bamvua kubwa huweza kupandisha maji zaidi ya mita tatu na nusu kutoka yalipopwa. Hicho ni kimo cha nyumba.

Jambo la pili kulijua ni saa. Siku za bamvua, katika pwani hii, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi ya saa nne hivi na hupwa jioni. Ukishayashika haya mawili, unajua lini utatembea mwambani na lini utaogelea, bila kuuliza mtu wala kuwasha simu.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Fika Kilwa tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua itakukuta hapo, asubuhi mwamba utakuwa mkavu, na usiku mbalamwezi itatosha kupikia. Lindi utaifikia mwezi wa 17. Mikindani utaingia mwezi wa 19, maji yakielekea kufa, bahari imetulia, na asubuhi unaogelea karibu na hema. Safari inaanza na bahari yenye nguvu na kuishia na bahari iliyotulia. Nimejaribu kuigeuza, na mwisho wake haukuwa mzuri kama hivi.

Makosa yangu ya kwanza yalitokana na kutojua hili. Nilifika Masoko mwezi wa 10, maji yakiwa bado madogo, nikaona alama ya mwani kwenye mchanga nikadhani ndiyo mwisho wa bahari. Nikapiga hema hatua kumi juu yake. Usiku wa kwanza salama, wa pili salama. Usiku wa nne, saa tisa alfajiri, niliamshwa na ubaridi mgongoni: maji yalikuwa yameingia chini ya sakafu ya hema, na mchele wetu wote ulikuwa umelowa chumvi. Bahari ilikuwa ikipanda kila siku kidogo kidogo, nami sikuwa nimeihesabu.

Hatua ya pili: chagua miezi

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Mvua za kusini huanza Novemba au Disemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na njia ya Kilwa inapitia mabonde ya mito mikubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, kikakata barabara katika eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Masika si wakati wa kulala kwenye hema huku.

Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na hupata nguvu mchana. Usiku ni wa kujifunika shuka mbili. Septemba upepo hupungua. Oktoba ni joto zaidi lakini ndio mwezi wa mikorosho: mabibo yameiva, kando ya barabara watu wanabangua na kukaanga korosho, na harufu ya maganda inakufuata hadi ndani ya basi. Ukiniuliza mimi, nakwambia Septemba.

Hatua ya tatu: funga mzigo

Hema lenye turubai la juu na sakafu isiyopenyeza maji. Vigingi vya chuma vilivyokuja nalo viache nyumbani au vibebe kwa ajili ya kuning'inizia vitu. Kwenye mchanga havishiki. Badala yake beba viroba sita hadi nane vitupu, vile vya unga au mchele. Nitaeleza kazi yake.

Mkeka ni bora kuliko godoro la kupuliza. Godoro hutobolewa na miiba na vipande vya kaa, mkeka hukung'utwa asubuhi na maisha yanaendelea. Chukua pia chandarua hata kama hema lina wavu, kwa sababu jioni mtakaa nje na watoto wanaweza kulala chini yake wakati chakula kinaiva. Malaria ipo mwambao mzima. Dawa ya kupaka ngozi isaidie dhidi ya mbu na usubi, ambao hutoka jua likizama hasa karibu na mikoko.

Vingine: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, mwiko, kisu, mbuzi ya kukunia nazi, dumu la lita 20 na jingine la lita 10, tochi ya kichwani, pawabanki, chumvi ya kunywa ya kutibu upungufu wa maji, bandeji, dawa ya vidonda, na viatu vya plastiki vinavyofunga mguu wote. Kandambili hazifai mwambani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo beba vikapu na mifuko ya kitambaa.

Kanga mbili kwa kila mtu, awe mwanamume au mwanamke. Kanga ni taulo, ni pazia, ni shuka, ni mto ukiikunja, na ni heshima ukipita kijijini. Vijiji vyote utakavyolala ni vya Waislamu kwa sehemu kubwa, na nguo za kuogelea zinabaki baharini.

Hatua ya nne: safari yenyewe

Mabasi ya kusini utayapata Mbagala Rangi Tatu, na yanaondoka mapema. Panda la alfajiri. Kilwa Masoko ni kiasi cha kilomita 300, Lindi kama 450, Mtwara kama 560. Ukitoka Kibiti unafika Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na wazee watakusimulia walivyolala hapo siku mbili tatu wakisubiri zamu. Chungulia dirishani unapovuka. Rufiji yenyewe haionekani yote, lakini upana wa bonde unakuonyesha kwa nini kusini ilikaa mbali kwa miaka mingi.

Somanga basi likisimama, nunua samaki wa kukaanga. Hapo ndipo bahari inapokaribia barabara kwa mara ya kwanza. Halafu Nangurukuru, njia panda: basi la Lindi na Mtwara linanyoosha, la Kilwa linakata kushoto. Kama umepanda basi la Mtwara, shuka Nangurukuru na utapata gari dogo au bajaji ya kukupeleka Masoko.

Usipange kufika na kupiga hema siku hiyo hiyo gizani. Jua linazama saa kumi na mbili au saa kumi na mbili na nusu. Ikiwa saa kumi na moja bado uko njiani, lala nyumba ya wageni mjini na uende ufukweni asubuhi. Kituo kizima huharibika kwa hema lililopigwa gizani.

Hatua ya tano: piga hodi kabla ya kupiga hema

Ufukwe unaouona mtupu si mtupu. Pale panaegeshwa ngalawa, pale panaanikwa dagaa, kule kina mama wana kamba zao za mwani, na nyuma ya ile mivinje huenda kuna makaburi. Mgeni haoni mipaka hiyo, mwenyeji anaiona.

Nenda kwanza ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa. Kama imefungwa, uliza nyumba ya mwenyekiti. Usianze na ombi. Anza na salamu, kaa ukikaribishwa, subiri uulizwe.

"Hodi hapa. Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Habari za huko mtokako?"

"Njema mzee. Tumekuja kuwasalimu, na tuna haja. Tunaomba kulala pwani yenu siku tatu, tuna hema letu."

Toa kitambulisho bila kusubiri kuombwa. Eleza mko wangapi na mtaondoka lini. Mara nyingi mwenyekiti atamtuma kijana aende nanyi kuwaonyesha mahali, na atapendekeza mlinzi wa usiku. Mkubali mlinzi, na mpatane malipo hapo hapo, mbele ya mwenyekiti. Si kwa sababu kijiji ni kibaya. Mlinzi ni mtu wa hapo aliyewajibika kwenu. Wavuvi wakipita saa nane usiku na taa zao, yeye ndiye atakayewajibu ninyi ni nani. Mwulize pia mipaka ya mahali pa kuogea, kisima kipi ni cha kunywa na kipi cha kufulia, na choo. Vijiji vingi watakuelekeza choo cha jirani au cha msikiti. Kama hakuna, chimba shimo la kina cha shibiri moja, hatua mia kutoka kisimani na kutoka baharini, ufukie vizuri.

Hatua ya sita: piga hema kwenye mchanga

Tafuta alama mbili. Ya kwanza ni mstari wa mwani na vijiti vilivyoachwa na maji ya mwisho. Huo usiuamini, kwa sababu bamvua ikikua maji yatauvuka, na maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Alama ya kuamini ni mimea. Pale unapoanza mtambaazi wa pwani wenye majani mazito na maua ya zambarau, na majani mengine ya kudumu, bahari haifiki mara kwa mara. Piga hema nyuma ya hapo, hatua nyingine kumi ndani.

Usikae chini ya mnazi. Nazi moja ikidondoka kutoka urefu ule inaua, na kuti kavu linatoboa hema. Kaa chini ya mvinje. Kivuli chake ni chepesi, upepo unapita, na majani yake makavu yanatandika chini kama zulia. Jina la Kilwa Kivinje linasemwa kuwa limetokana na miti hiyo.

Sasa viroba. Jaza kila kiroba mchanga hadi nusu, kifunge mdomo kwa kamba ya hema, chimba shimo la kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, kilaze ndani na ukifukie, kisha ukanyage. Kamba itoke mchangani ikiwa imelala, isisimame wima. Hema lililofungwa hivi nimeliacha kwenye kusi ya Julai kutwa nzima nikalikuta palepale.

Mlango uelekeze nchi kavu, kaskazini magharibi. Najua unataka kuamka ukitazama bahari. Lakini kusi inatoka huko, na itakujazia mchanga kwenye wali, kwenye macho na kwenye zipu, na zipu ikishakula mchanga hema halifungi tena. Toka nje utazame bahari. Kila usiku funga zipu hata ukitoka kwa dakika moja, na viatu uviingize ndani. Kaa huhamia humo.

Hatua ya saba: maji na chakula

Hesabu lita tano za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia peke yake. Visima vya karibu na ufukwe mara nyingi vina chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi, huiongeza. Onja kabla ya kujaza dumu. Maji ya kisima kitamu yachemshe au yatie dawa ya kusafishia maji.

Chakula nusu ubebe, nusu ununue. Beba mchele, unga, vitunguu, ndimu, tangawizi, majani ya chai. Samaki, nazi, mihogo na pilipili nunua kijijini, kila siku, hata kama ungeweza kubeba. Fedha hiyo ndiyo inayofanya mwakani mgeni mwingine akaribishwe.

Samaki wanunue pale ngalawa zinapotua. Macho yawe angavu na yametokeza, matamvua yawe mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Changu na tasi wanafaa kubanika. Kolekole na nguru wanafaa mchuzi. Samaki yeyote anayejivimbisha kama mpira, bunju, mwache, sumu yake haiondoki kwa moto. Nyama ya kasa usiguse hata ukipewa bure: kasa analindwa na sheria, na nyama yake imeshaua watu visiwani.

Namna ya kubanika ni hii. Mpasue changu mgongoni, usafishe, mkate chanja tatu kila upande, mpake chumvi, ndimu, tangawizi na pilipili, mwache nusu saa kivulini. Kusanya vifuu vya nazi, uwashe kwenye shimo dogo la mchanga mpaka moto ufe na makaa yabaki mekundu. Makaa ya vifuu ni makali na hayana moshi. Mbane samaki kati ya vijiti viwili vibichi, msimike kwa kuinama juu ya makaa, si ndani yake. Dakika kumi na tano upande mmoja, kumi mwingine. Tui zito kidogo juu yake mwishoni, na wali wa nazi pembeni. Kuni za mikoko usikate wala usinunue. Kukata bila kibali ni kosa, na mikoko ndiyo inayoshika ardhi ya kijiji kinachokuhifadhi.

Wali wa usiku usiuache hadi kesho mchana. Joto la pwani linauharibu kabla hujaunusa.

Hatua ya nane: ingia baharini kwa adabu

Mwambani uende saa moja kabla maji hayajapwa kabisa, urudi yakianza kugeuka. Siku za bamvua hiyo ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, saa ambazo utawakuta kina mama na vijiti vyao wakitafuta pweza mashimoni. Omba kufuatana nao. Watakuonyesha shimo la pweza kwa kokoto zilizopangwa mlangoni mwake, jambo ambalo mimi nilipita juu yake mara mia bila kuliona. Maji yakigeuka wao huondoka, nawe uondoke nao. Kwenye ufukwe wa tambarare maji huja kwa nyuma kupitia mifereji kabla hayajaonekana mbele.

Penye mchanga, buruza miguu unapotembea ndani ya maji, ili samaki taa aliyejifukia aondoke. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kwa saa moja au zaidi, maumivu hupungua sana, kisha nenda hospitali. Kwa upande wa Kilwa ipo hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kivinje, Lindi ipo Sokoine, Mtwara ipo Ligula. Andika majina hayo kwenye karatasi, usitegemee mtandao wa simu.

Usiogelee kwenye mlango wa bahari, yaani mkondo kati ya kisiwa na nchi kavu, maji yakiwa yanatoka. Mkondo wa Kilwa una nguvu kuliko mwogeleaji yeyote.

Kilwa: usiku tatu

Mimi hulala Masoko Pwani, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya mji. Jimbiza ni karibu zaidi na soko, lakini pana watu wengi. Siku ya kwanza usifanye kitu. Nunua samaki, lala, tazama maji yakijaa jioni mpaka mwisho wake, weka kijiti pale yalipoishia.

Siku ya pili vuka kwenda Kilwa Kisiwani. Kibali kinatolewa Masoko, na bila kibali mashua haikuchukui. Ondoka asubuhi, kabla kusi haijaamka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Msikiti Mkuu una sehemu za karne ya 11, na jumba la Husuni Kubwa lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali, na birika lake la kuogea la pembe nane linaangalia bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika hapa mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, nao walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Keti kwenye kingo za birika lile nusu saa bila kupiga picha. Utasikia upepo uleule wa kusi waliouhesabia mabaharia, na utaelewa kwa nini mji ulijengwa pale.

Siku ya tatu nenda Kivinje, kilomita chache kutoka njia ya Nangurukuru. Majumba ya Waarabu na Wajerumani yanaporomoka, mizizi imeshika kuta. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa kutoka Nyasa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilianzia milimani nyuma ya pwani hii, kwa Wamatumbi, na wengi walinyongwa. Kivinje unaweza kuuliza habari za mwembe wa kunyongea watu. Uliza wazee, na uwe na muda wa kusikiliza jibu.

Lindi: usiku mbili

Rudi Nangurukuru, subiri mabasi yanayotoka Dar. Kutoka hapo hadi Lindi ni mwendo wa saa tatu hivi. Mji umekaa kwenye ghuba ambako Mto Lukuledi unaingia baharini. Nunua mahitaji sokoni, kisha vuka kwa chombo kwenda Kitunda, ng'ambo, ukapige hodi huko. Jioni taa za mji zinaonekana juu ya maji nawe uko kwenye giza la minazi. Hapa fua nguo, anika mkeka, shona kilichopasuka. Ndani ya mkoa huu, kule Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya 1909 na 1913. Mifupa ya mjusi mmoja imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin hadi leo. Wenyeji wana maoni yao juu ya hilo, nami ninayaunga mkono: mifupa ile inastahili kurudi, au walau kuonekana na watoto wa Lindi.

Mikindani: usiku mbili

Lindi hadi Mtwara ni kama kilomita mia moja. Pale Mingoyo njia ya Masasi inaachana nanyi. Shuka Mikindani, kilomita kumi hivi kabla ya Mtwara. Mji ni mdogo, wa mawe, milango ya nakshi na barabara nyembamba. Boma la Wajerumani la 1895 liko juu kilimani, na David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Ghuba imefungwa karibu pande zote, na maji mafu yatakuwa yamekaribia: saa mbili hadi saa tatu asubuhi bahari imejaa, haina wimbi, unaogelea mpaka njaa ikutoe.

Utasikia sifa za Msimbati, kusini ya Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Sifa hizo ni za kweli. Lakini ni karibu na mpaka wa Msumbiji, ambako kumekuwa na mapigano katika jimbo la Cabo Delgado tangu 2017, na mwaka 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Pita kituo cha polisi Mtwara uulize hali ya wakati huo. Wakikuruhusu, lipa ushuru wa hifadhi getini na uende kutwa. Ukijaliwa kulala, zima taa zote usiku: kasa hupanda kutaga kwenye mchanga ule, na mwanga humrudisha baharini akiwa na mayai yake.

Asubuhi ya kuondoka

Fumua viroba, mwaga mchanga, vikunje ubaki navyo. Zima mashimo ya moto kwa maji ya bahari kwanza, halafu yafukie kwa mchanga. Makaa yaliyofukiwa yakiwa makavu hukaa na moto kwa saa nyingi, na watoto hutembea pekupeku. Taka zote rudi nazo mjini, hata za watu waliokutangulia kama mkono unafika. Suuza zipu za hema kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe kabla ya kukunja.

Mchele na mafuta yaliyobaki mpe mlinzi, juu ya malipo yake, si badala yake. Kisha rudi kwa mwenyekiti uage. Ukiondoka kimya watu watadhani umeondoka na jambo. Mwambie umelalaje, mpe namba yako akiitaka, mwulize mwakani mgeni mwingine aje na salamu gani kutoka kwako. Mabasi ya Dar yanaondoka Mtwara alfajiri, kwa hiyo kuaga huko kufanye jioni iliyotangulia, baada ya swala ya magharibi, wakati wazee wako barazani.